Kidole cha mwisho: shajara ya wiki tisa za kujifunza kuchapa upya

17 Februari

Vibonyezo 1,610 kwa dakika 10. Makosa 41. Naanza na namba kwa sababu ndizo nitakazozirudia. Maneno mengine ni ya kujifariji tu.

Nina steshenari ndogo Morogoro mjini, hatua chache kutoka mahakamani, na huu ni mwaka wangu wa sita. Nachapa viapo, mikataba ya pango, barua za maombi na wasifu wa wahitimu, na kati ya hapo natoa kopi za vitambulisho hadi printa inakuwa ya moto. Wateja husema nina mikono myepesi. Hawajui kwamba nachapa kwa vidole vinne, macho yamezama kwenye kibodi, na nikiinua kichwa ndipo naona nilichofanya. Stashahada ya uhazili, yaani ukatibu wa ofisi, ninayo. Chuoni tulifundishwa vidole kumi. Mimi sita nilivistaafisha siku ile foleni ilipofika mlangoni.

Sasa nimeomba nafasi ya Mwandishi Mwendesha Ofisi Daraja la II, yaani katibu mahsusi. Sifa ni zilezile tulizozoea kuzisoma: kidato cha nne au cha sita, stashahada ya uhazili au NTA ngazi ya 6, hatimkato (maandishi ya mkato ya kunasa maneno yanayosemwa) ya Kiswahili na Kiingereza maneno 100 kwa dakika, na mafunzo ya programu za ofisi. Kasi ya kuchapa haikutajwa. Lakini ukipenya mchujo wa kuandika unaingia usaili wa vitendo, na huko unakaa mbele ya mashine, saa inakwenda.

Mwaka juzi niliitwa kwenye vitendo katika ofisi moja. Karatasi ya kunakili ilikuwa kushoto, skrini mbele, kibodi chini, nami nikawa nainua na kuinamisha shingo kama kuku anayekunywa maji. Nikaruka mstari mzima wa katikati. Sikujua hadi nilipotoka nje na kumsikia mwenzangu akitaja jambo ambalo mimi sikulichapa kabisa.

Ninakotamani kupangiwa ni polisi. Wakisikia hivyo watu hunicheka, wanadhani nataka gwanda. Anayetaka uaskari anakwenda depo kule Moshi, na kwata ndiyo mtihani wake. Mimi nataka meza ya mtumishi raia, yule anayechapa barua na madokezo na kupanga majalada.

19 Februari

Nimekwenda Kihonda kwa shangazi. Amestaafu, kazi yake ilikuwa hiyohiyo ninayoitamani, katibu mahsusi raia katika ofisi ya polisi. Alisomea Tabora enzi za Chuo cha Uhazili, ambacho siku hizi ni kampasi ya Chuo cha Utumishi wa Umma.

"Shikamoo shangazi."

"Marahaba mwanangu. Umekuja na laptopu, basi umekuja na shida."

Alinitazama nikichapa dakika mbili bila kusema kitu. Kisha akavua mtandio wake, akanifunika nao mikono pamoja na kibodi. "Haya, endelea."

Nilitaka kuchapa "mtuhumiwa". Ikatoka "mruhumiws".

Akacheka mpaka akakohoa. Halafu akanieleza jambo ambalo chuoni hatukuwahi kuambiwa, kwa sababu sisi tulisoma kwenye kompyuta. Kwenye taipureta ya chuma herufi hutoka kwa nguvu ya kidole. Kidole cha shahada kikigonga, herufi inakuwa nyeusi tii. Kidole cha mwisho kikigonga, herufi imepauka kama nguo iliyosahauliwa kambani. Mwalimu wao alikuwa akiinua karatasi kuelekea dirishani, na akiona herufi a zimepauka anajua kidole cha mwisho cha kushoto cha binti huyo bado kimelala. Na kazi ikiwa ya nakala tatu kwa kaboni, ile ya tatu ilitoka bila a. "Ukisoma unadhani ni lugha ya kigeni," akasema.

Masharti yake ni matatu. Mtandio juu ya mikono nusu saa kila siku. Hakuna kufuta kosa wakati wa zoezi. Hakuna kupima kasi hadi wiki tatu zipite. La tatu najua nitalivunja.

22 Februari

Nimelivunja.

Usiku nilitafuta mazoezi mtandaoni. Ukitafuta kwa Kiingereza jaribio la kuchapa kwa makarani wa polisi, India yote inakumwagikia. Huko ni jambo zito, vijana wanajiandaa miezi. Anayeomba kuwa Head Constable kada ya Ministerial, yaani askari wa kazi za ofisini, katika Delhi Police hupimwa dakika 10: maneno 30 kwa dakika kwa Kiingereza, au 25 kwa Kihindi. Kwenye mitihani ya tume yao ya ajira, SSC, makosa yana madaraja: kuna kosa zima, na kuna nusu kosa, mfano herufi kubwa iliyowekwa pasipo mahali pake. Nimelipenda hilo. Mimi nimekuwa nikihesabu kila kitu sawa.

Lakini kilichonikalisha kitako ni hesabu nyingine. SSC hutafsiri maneno 35 kwa dakika kuwa vibonyezo 10,500 kwa saa. Nikachukua kikokotoo: 10,500 gawanya kwa 60 ni 175, gawanya kwa 35 ni 5. Kumbe "neno" katika vipimo hivi si neno. Ni vibonyezo vitano, nafasi ikiwemo.

Sasa chukua sentensi ya kawaida ya jalada la polisi: Mtuhumiwa alikamatwa akiwa na mali inayodhaniwa kuwa ya wizi. Ni maneno 9. Herufi pamoja na nafasi, bila nukta, ni 60. Kwa kipimo cha watano watano hiyo ni maneno 12. Yaani anayechapa Kiswahili na kuhesabiwa maneno halisi anaibiwa neno moja katika kila manne, na hakuna RB ya polisi ya wizi huo.

Kwa hiyo kuanzia leo nahesabu vibonyezo tu. Lengo langu ni 200 kwa dakika. Kwa kipimo cha mashine hayo ni maneno 40, kwa maneno ya sentensi ile ni 30. Nimechagua 40 kwa kuwaangalia jirani zetu: Kenya matangazo ya kazi za uhazili yamekuwa yakitaja mitihani ya KNEC, baraza lao la mitihani: Typewriting II ya maneno 40 kwa dakika na Typewriting III ya 50. Ukinitangazia kasi naweza kuifukuzia. Usipoitangaza, nakimbia gizani.

26 Februari

Leo sikuchapa sana, nilihesabu. Katika sentensi ileile kuna herufi 52 bila nafasi. Herufi a ziko 14. Zaidi ya robo! Na e, ambayo kwenye Kiingereza ndiyo malkia, haimo hata moja.

Maana yake ni kwamba kibodi hii, iliyopangwa Marekani karne ya 19 na watu wasiojua kama kuna lugha inayoitwa Kiswahili, imempa mtoto mdogo kuliko wote kazi ya kubeba robo ya mzigo. Herufi a iko chini ya kidole cha mwisho cha kushoto. Ndiyo maana shangazi alianza na a zilizopauka. Na ndiyo maana mazoezi ya mtandaoni yanayokupa sentensi za Kiingereza yanakunoa kidole kingine.

Nimetazama makosa yangu 41 ya siku ya kwanza kwa jicho hilo. Kumi na saba ni a iliyokosekana au s iliyokaa mahali pa a. "Alikamtwa." "Mashtska." "Inyodhaniwa."

3 Machi

Vibonyezo 94 kwa dakika. Naandika kwa aibu. Kwa vidole vinne nilikuwa 161; kwa vidole kumi nimerudi kuwa mtoto wa darasa la kwanza. Dukani nimelazimika kuamua: mteja akiwepo, vidole kumi vilevile, hata kama anapumua shingoni mwangu. Nikiruhusu vinne mchana na kumi usiku, vinne vitashinda, maana mchana ni mrefu.

Mzee mmoja wa kiapo aliniuliza kama naumwa.

5 Machi

Mvua, umeme umekatika kuanzia saa tisa alasiri. Nimefanya zoezi la shangazi la mezani: vidole kumi juu ya meza tupu, huku nikitamka a-li, wa-li, a-me, wa-ka. Dada wa duka la jirani alipita, akadhani nafanya hesabu za upatu.

9 Machi

Nimegundua jambo la kufurahisha, na nimelicheka peke yangu nusu ya jioni. Nilikuwa natafuta maneno ya kuzoeza mkono mmoja mmoja, nikitumia msamiati wa kituoni na mahakamani badala ya yale maneno ya kubuni yasiyo na maana. Neno "nilimhoji" lote liko mkono wa kulia. N, i, l, i, m, h, o, j, i: kushoto hakuguswi hata mara moja. Na "wadaawa" lote liko kushoto. Kwa hiyo mpelelezi anahoji kwa mkono wa kulia, halafu kesi ikifika mahakamani wanakutana wadaawa mkono wa kushoto. "Dereva" naye ni wa kushoto mtupu, msafara mzima.

Ukweli ni kwamba Kiswahili kimeelemea kulia kwa i, o, u, k, l, m na n. Kushoto kuna a karibu peke yake ikipambana, na w, t, s zikimsaidia. Kwa hiyo mdundo mzuri unatokea ukichapa silabi: konsonanti kulia, a kushoto. Ka, la, ma, na, ha, ja. Mikono inapokezana kama wanawake wawili wanaotwanga kinu kimoja. Shida inaanza kwenye "ki", "li", "ni", "mu", ambapo mkono mmoja unatwanga peke yake.

Hivyo nimeacha kuzoea neno zima. Nazoea vipande: ali-, wali-, ame-, inayo-, -iwa, -ishwa. Kitenzi cha Kiswahili ni treni ya mabehewa, na mabehewa yenyewe ni yaleyale. Kidole kikijua behewa la "ali" na la "iwa", katikati hata uweke "kamat", "shtak" au "hoj", hakishtuki. Leo 122.

15 Machi

Nimetengeneza kipimo changu. Hakina ufundi mkubwa, lakini kinanitosha.

Andiko la asili lipo kwenye faili moja la Word. Nachapa nakala kwenye faili la pili, simu ikihesabu dakika 10. Nikimaliza natumia kile kipengele cha Word cha kulinganisha nyaraka mbili, kinanionyesha kwa rangi kila mahali nilipotofautiana na asili. Halafu kwenye Excel nabandika nilichochapa, kanuni ya LEN inahesabu vibonyezo, nagawanya kwa 10, na makosa nayaandika pembeni. Safu moja kwa siku moja.

Jaribio la kwanza lilinivunja moyo: makosa 19, wakati nilihisi nimechapa vizuri. Nikayapitia moja moja. Kumi na moja yalikuwa neno lilelile, ng'ombe. Andiko langu lilihusu wizi wa mifugo, na ng'ombe walikuwa wengi kama mnadani. Kumbe andiko la asili nililileta kutoka faili la maandishi matupu, likiwa na kile kialama kilichonyooka, na Word kila nikichapa ilikuwa inakipindisha kuwa kile cha mviringo. Kwa jicho ni kitu kimoja. Kwa mashine ni herufi mbili tofauti, ng'ombe kumi na mmoja wote wakawa batili.

Nimezima upindishaji huo kwenye mipangilio ya kujisahihisha. Nilipokuwa hukohuko nikazima na balaa jingine ambalo limenitesa miaka sita kwenye viapo: ukiorodhesha vifungu (a), (b), halafu (c), Word inakugeuzia hiyo (c) kuwa alama ya hakimiliki, c ndani ya duara. Nimewahi kuchapisha kiapo cha mtu kikiwa na haki zote zimehifadhiwa.

Lakini usaili haufanyiki kwenye mashine yangu, na sitaruhusiwa kuzunguka kwenye mipangilio ya mtu. Kwa hiyo najifunza pia dawa ya papo kwa papo: ikibadilika, Ctrl na Z mara moja, (c) inarudi, safari inaendelea.

21 Machi

Vibonyezo 171 kwa andiko lililochapwa. Nikajiona nimefika.

Nikaenda kwa shangazi. Aliangalia Excel yangu, akasema hongera, akavuta daftari la mkono. "Na hii je?"

Maelezo ya shahidi hayaji yakiwa yamechapwa. Yanachukuliwa kwa kalamu, mara nyingi kwa haraka, na mwandiko unafuata hali ya mwandishi. Usiku mwandiko unalala. Karani anayepokea jalada ili kuchapa anapambana na u inayofanana na n, na "alimkuta" inayoweza kuwa "alimkata". Hapo herufi moja inabadilisha kosa la jinai.

Alikuwa ameniandalia kurasa nne za mkono wake, hadithi ya kubuni. Nilimwuliza kwa nini asinipe nakala ya kitu halisi, akaniangalia kama nimetukana. Siri za watu si zoezi. Hata mimi dukani, mteja akiniletea karatasi yenye mambo yake, ikitoka kwenye mashine inaondoka naye, na faili nalifuta mbele yake. Kwa hiyo maandiko yetu yote ni ya kubuni, na yanaanza hivi:

"Mimi ni mkulima. Nakumbuka siku hiyo majira ya saa 11 alfajiri niliamka na kwenda zizini, nikakuta ng'ombe wawili hawapo na mlango umefungwa kwa kamba ambayo si yangu."

Hiyo kamba ambayo si yangu ni ubunifu wa shangazi. Nimemwambia angeandika riwaya.

Kasi kwenye mwandiko wake: 118. Namba imeporomoka na sikasiriki, maana ndiyo namba ya kweli. Vidole vinajua sasa. Kinachochelewa ni jicho. Ameniambia nisome kipande cha mbele wakati vidole vinamalizia cha nyuma, kama mtu anayetafuna huku akimega tonge lingine.

Kisha vifupisho vya vyeo, ofisi na fomu. Ukichapa majalada ya polisi bila kuvijua utasimama kila mstari: PC, WP, D/CPL, OCS, OCD, OC-CID, RCO, RPC, PF3, RB, IR. Vyote herufi kubwa, na vingine vina mkwaju katikati. Tumeviandika kwenye ukurasa mmoja, navichapa kila asubuhi kabla ya kufungua mlango.

Na moja ambalo nimelichora mstari. Nilipokuwa nanakili nilikuta ameandika "alinipiga na panga", nikachapa "alinipiga kwa panga", nikijiona msomi. Akaweka alama nyekundu. "Shahidi kasema na panga, chapa na panga. Maneno ni yake. Chako ni kidole."

24 Machi

Mteja, mwanafunzi wa sheria, aliniuliza kwa nini najizoeza kwa Kiswahili wakati mambo ya ofisi ni Kiingereza. Nimemkumbusha mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021 yaliyoifanya lugha ya sheria na mahakama kuwa Kiswahili. Dukani kwangu nimeyaona kwa macho: viapo vya Kiswahili vimeongezeka. Kiingereza nakizoea pia, siku mbili kwa wiki. Ila kwa Kiingereza dunia nzima ina mazoezi tele, na kwa Kiswahili ni mimi na shangazi.

28 Machi

Wiki nzima ya namba, wiki mbaya.

Kila nikifika kwenye namba nainama. Na andiko la polisi limejaa namba: tarehe, saa, namba ya jalada yenye mikwaju, namba ya askari inayoanza na herufi, vifungu. Kwa namba za Toleo la 2022: wizi, kifungu cha 258 na 265 cha Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16. Unyang'anyi wa kutumia silaha, kifungu cha 287A. Hebu chapa "unyang'anyi" na "287A" katika mstari mmoja bila kutazama chini, halafu tuongee.

Laptopu yangu haina zile namba za pembeni kulia, kwa hiyo nazoea safu ya juu. Nimegawa: 1 na 2 kwa vidole vya pembeni kushoto, 5 na 6 ndizo zinazonisaliti kwa kuwa ziko katikati na kila mkono unasubiri mwenzake aende. Nimeamua 6 ni ya kulia, tumeelewana.

Mtego mwingine ni saa. "Saa 8:30 usiku" kichwa changu kinataka kuigeuza kuwa 02:30, kwa mazoea ya kompyuta. Hapana. Iliyoandikwa ndiyo inayochapwa.

2 Aprili

Kidole cha mwisho kinauma, na maumivu yanapanda hadi kwenye kiwiko. Shangazi kanizuia siku mbili. Ameangalia nilivyokaa: kiti cha plastiki kifupi, viganja vimelalia ukingo wa meza. Nimeweka rimu mbili za karatasi juu ya kiti na mto juu yake. Viganja sasa vinaelea. Rimu hizo siwezi kuziuza, nimezikalia.

6 Aprili

Juzi nilijibishana na shangazi kwa mara ya kwanza. Yeye anasema usifute kamwe. Kosa likitoka liache, endelea. Kwenye taipureta ilikuwa sawa: kufuta kulimaanisha kusimama, kutafuta kifutio, kuharibu na nakala za kaboni. Kwenye kompyuta kufuta ni kibonyezo kimoja.

Tumepima badala ya kubishana. Andiko moja, dakika 10, mara tatu, kwa siku tatu. Bila kufuta: 198, makosa 23. Nikifuta kila kosa ninalolihisi: 176, makosa 6. Nikifuta kosa la neno ninalolichapa wakati huo tu, na lililopita nikaliacha kwa ajili ya mapitio ya mwisho: 189, makosa 8, na dakika moja ya mapitio ikayapunguza kuwa 3.

Nimechukua njia ya tatu. Shangazi alitazama namba muda mrefu, akasema, "Haya, kizazi chenu kina bahati." Akaenda kuinjika chai.

12 Aprili

Zoezi la kibodi ngeni. Nimeazima kibodi tano: ya duka la jirani, ya ofisi ya wakili wa ghorofa ya juu, ya kafe ya intaneti, ya binamu, na moja ya kwangu ya zamani iliyofutika herufi. Mbili zina mpangilio wa Uingereza: alama za kunukuu na ile ya barua pepe zimebadilishana viti. Ya wakili vitufe vyake ni vigumu kama vya lifti. Ya kafe haina yale manundu madogo ya F na J, yamesagika na vidole vya watu, na bila manundu mikono yangu ilikaa kitufe kimoja kulia bila kujua. Mstari wa kwanza ulitoka wote umehama, kama ujumbe wa siri.

Dawa: kabla ya kuanza, hata kama muda umeshaanza, chapa "asdf jkl" mara moja, tazama skrini, futa, ndipo uanze. Inakula sekunde nne.

Iliyofutika herufi ndiyo niliyochapa vizuri kuliko zote. Hakukuwa na cha kutazama.

18 Aprili

Jina langu limetoka. Nimepita mchujo, vitendo ni tarehe 24, Dodoma.

Siku zilizobaki naacha kasi, nashughulikia mpangilio. Barua rasmi: Kumb. Na. mahali pake, tarehe, anwani, kichwa cha habari, aya zenye namba, nafasi ya sahihi, nakala kwa nani. Dokezo sabili, yaani ujumbe wa ndani ya ofisi. Jedwali la safu nne lisilovimba ukiongeza neno. Nimejipima: barua ya ukurasa mmoja nilikuwa natumia dakika 19, na 7 kati ya hizo zilikwenda kwenye kusogeza vitu kwa kitufe cha nafasi, tabia ya dukani. Kwa kutumia tabulesheni na mitindo imeshuka hadi 12.

22 Aprili

Jaribio la mwisho, mwandiko wa shangazi, andiko sijaliona, kibodi ya wakili. Vibonyezo 2,040 kwa dakika 10, makosa 7. Hiyo ni 204. Kwa andiko lililochapwa, juzi, 212.

Sijafurahi nilivyotarajia. Kidole cha mwisho kimeota sugu ndogo ubavuni, naishika-shika.

24 Aprili, usiku, Dodoma

Nilikuja jana kwa treni ya SGR. Nikalala kwa rafiki, nikaamka saa kumi. Vyeti halisi, kitambulisho, kalamu mbili.

Tulikuwa wengi ukumbini. Karatasi kushoto, kama mwaka juzi. Nikachapa "asdf jkl", nikatazama, nikafuta. Barua ya ukurasa mmoja yenye aya tano, na jedwali la majina na namba. Jirani yangu alikuwa anachapa kwa kishindo, haraka mno, nikaanza kumfuata mdundo bila kujua. Ilinichukua mistari miwili kujirudisha kwenye wangu. Niliweka ukingo wa kitambulisho chini ya kila mstari wa karatasi na kukishusha kwa kidole gumba kila nilipomaliza mstari. Msimamizi alipita, akakiangalia, hakusema kitu.

Nilibakiwa na dakika tatu hivi. Kwenye mapitio nikahesabu mistari ya asili na yangu, nikakuta imetimia. Nikakuta "aliyekua", nikaongeza w. Kwenye jedwali namba moja nilikuwa nimebadilisha 5 na 6. Walewale.

26 Aprili

Nimerudi. Majibu yatatoka wakati wake. Nimepita Kihonda kumpa shangazi zabibu za Dodoma, akaniuliza swali moja tu: niliruka mstari? Nikamwambia sikuruka. Akala zabibu.

Kesho nafungua duka saa mbili asubuhi. Rimu zimeisha, itabidi niuze zile nilizozikalia.